Ukiona Mdomo Umekwenda Upande: Mwongozo wa Kiharusi kwa Watu wa Kalinzi

Anayekiona kiharusi kwanza karibu kila mara si daktari. Ni mke aliyekuwa anaanika kahawa upande wa pili wa uwanja, mtoto aliyetumwa kumwamsha babu, jirani wa nyumba ya chini, au kijana wa bodaboda aliyekuja kudai nauli yake. Mwongozo huu ni wa watu hao. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni iko chini kule Kigoma mjini, na mengi itakayoweza kumfanyia mgonjwa wako yanategemea mambo mawili yanayotokea huku juu Kalinzi kabla gari halijawashwa: kama umetambua unachokitazama, na kama unaweza kusema kimeanza saa ngapi.

Kutambua ndiko kunakotushinda. Siku ya kwanza dalili zinaitwa malaria, uchovu, pombe au upepo mbaya. Miezi inayofuata, ulemavu uliobaki unaitwa kiburi, uvivu au kichaa. Mgonjwa anaumia mara mbili, na mara ya pili anaumizwa na watu wa nyumbani wanaompenda.

Kwanza tujue kinachotokea. Kiharusi ni ajali ya mshipa wa damu ndani ya kichwa. Mfereji wa kumwagilia bustani unaweza kuzibwa na takataka, au ukingo wake ukabomoka maji yakamwagika pembeni. Kwa vyovyote mboga za chini hazipati maji. Kwenye ubongo ni hivyo hivyo: kuna kiharusi cha mshipa kuziba kwa damu iliyoganda, ambacho ndicho kinachopata watu wengi zaidi, na kuna cha mshipa kupasuka damu ikavuja. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Hata daktari mzoefu hathubutu kuapa bila picha ya CT-scan. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva karibu milioni 1.9 hufa kila dakika. Hesabu mwenyewe dakika zinazopotea familia ikibishana kama tusubiri kukuche.

Uso, mikono, kauli

Mkalishe mtu mahali penye mwanga, wewe ukae mbele yake. Mwambie atabasamu au aonyeshe meno. Tazama pembe mbili za mdomo: moja ikipanda na nyingine ikabaki imelala, hiyo ni dalili. Pengine mate yanatiririka upande uliolegea, au ule mstari unaoshuka kutoka puani hadi mdomoni umefutika upande mmoja.

Kisha mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho, nawe uhesabu polepole hadi kumi. Usitegemee mkono uanguke kwa kishindo. Mara nyingi unashuka taratibu, kiganja kikigeukia ndani, na mwenyewe hana habari. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, kwa kuwa mgonjwa huyo huyo anaweza kukusalimia, akakushika mkono na kukuambia hana neno, ni uchovu tu wa shamba. Mguu nao unaweza kulegea. Utamwona anaburuza kidole gumba au kiatu kinamvuka njiani bila yeye kugutuka.

Kauli ijaribu kwa lugha anayoizungumza nyumbani. Kwa bibi wa Kalinzi lugha hiyo ni Kiha. Ukimwambia arudie sentensi ya Kiswahili cha redioni, akikwama hutajua kama ulimi umelegea au sentensi yenyewe ni ngeni kwake. Sikiliza mambo mawili tofauti. La kwanza ni maneno mazito, yanayokokotwa, ambayo yamewafanya wengi wadhani mtu amelewa. La pili ni gumu zaidi kulitambua: maneno yanatoka safi ila hayana maana, au mtu anajibu jambo ambalo hukumuuliza, au anakutazama tu kana kwamba amesahau kila neno alilowahi kulijua.

Dalili moja kati ya hizo tatu inatosha kuondoka nyumbani. Huhitaji kusubiri zote zikamilike.

Zipo nyingine ambazo hazionekani usoni. Jicho moja kuzima ghafla, au nusu ya kila unachokitazama kutoweka. Kuona kitu kimoja kama viwili. Ganzi ya nusu ya mwili. Kizunguzungu kikali pamoja na kutapika na kushindwa kukaa wima. Kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo huja hivi, mikono ikiwa na nguvu zake zote, na ndicho kinachopotezwa zaidi kwa kuitwa sumu ya chakula. Kichwa kuuma kwa mshindo mmoja, maumivu ambayo mtu anasema hajawahi kuyapata maishani mwake. Kuchanganyikiwa, degedege, kupoteza fahamu. Neno la kushika katika hayo yote ni ghafla. Udhaifu uliokuja kwa miezi una maelezo mengine.

Malaria ndiyo inayotuchanganya zaidi Kigoma, maana tumeizoea na inaweza kumchanganya mtu akili kweli. Kipimo cha malaria kifanyike, hakuna ubaya. Lakini majibu yakionyesha vimelea, usifunge mjadala hapo. Mtu anaweza kuwa na malaria na kiharusi siku moja, na malaria kwa kawaida haimlegezi mtu mzima mkono wa kulia na kuuacha wa kushoto. Sukari iliyoshuka, hasa kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia sindano au vidonge, nayo inaigiza kiharusi kwa ustadi wa kutisha. Ndiyo maana tone la damu kidoleni ni kipimo cha kwanza kituoni. Kuna pia uso kupooza peke yake kwa ugonjwa wa neva ya shavu: mtu hawezi kufumba jicho wala kukunja paji la uso upande huo, na mikono na kauli ni nzima. Nenda hospitali hata hivyo. Uamuzi wa kutofautisha hayo usiufanyie barazani.

Kuna kiharusi cha kupita. Mzee anaangusha kikombe cha chai, mdomo unakwenda upande, anakokota maneno, na baada ya robo saa amekaa anacheka na wajukuu. Familia inashukuru Mungu na kurudi shambani. Mimi naogopa hiki kuliko watu wanavyokiogopa, kwa sababu mshipa umeziba ukajifungua wenyewe, na hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku chache zinazofuata, hasa mbili za kwanza. Huyo aende hospitali leo hii, akiwa anatembea kwa miguu yake na kulalamika kwamba mnamsumbua bure.

Tusidhani pia ni ugonjwa wa wazee peke yao. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi kabla hajaanza shule. Mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, mwenye presha ya kupanda, kuvimba uso na kichwa kisichoacha kuuma, yuko hatarini. Kwa ajili yake kuna namba ya bure ya usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, 115. Wenye magonjwa ya moyo, yakiwemo yaliyoanzia kwenye maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, wanaweza kupata kiharusi wakiwa vijana kabisa.

Kabla gari halijafika

Angalia saa. Uliza nani alimwona mara ya mwisho akiwa mzima, na ilikuwa saa ngapi. Kama alilala saa tatu usiku akiwa hana tatizo na ameamka saa kumi na mbili asubuhi mkono umelegea, saa utakayomtajia daktari ni saa tatu usiku, hata kama wewe umegundua asubuhi. Iandike kwenye kiganja chako kwa kalamu. Kwenye purukushani ya kutafuta gari na pesa watu husahau mpaka jina la mgonjwa. Saa hiyo ina kazi: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi kamwe bila picha ya kichwa kuthibitisha kwamba mshipa haujapasuka.

Nisikudanganye kuhusu dawa hiyo. Nchini Tanzania inapatikana katika hospitali chache kubwa, na wengi wa Kigoma hawataipata. Hilo lisikufanye ulegeze mwendo. Mgonjwa anayewahi anapimwa sukari, presha na uwezo wa kumeza, anapewa hewa ikihitajika, anashushwa homa, anakingwa na nimonia, na kama mshipa umepasuka, presha yake inashushwa kwa mpango. Hayo ya kawaida yanaokoa watu wengi. Mkopo wa UVIKO-19 ambao serikali iliupata mwaka 2021 ulinunulia hospitali za rufaa za mikoa mashine za CT-scan. Mkifika, ulizeni picha itapigwa saa ngapi, na ulizeni kwa sauti ya heshima lakini msichoke.

Mlaze mgonjwa ubavu kama hana fahamu au anatapika, kichwa kikiwa kimeinuka kidogo, meno ya bandia yatolewe. Kama yuko macho, mkalishe nusu wima na mkono uliolegea uuwekee mto. Usimpe chakula, maji, uji, maziwa wala kidonge chochote, kwa kuwa koo lake huenda limelegea pia na kitakachoshuka kitaingia kwenye mapafu. Aspirini iache: kwenye mshipa uliopasuka inaongeza kuvuja. Dawa ya presha ya jirani iache pia. Presha iliyopanda wakati wa kiharusi ikishushwa kwa pupa nyumbani, sehemu ya ubongo iliyokuwa inapata damu kidogo inakosa hata hiyo.

Kwenye simu zetu kuna ujumbe unaozunguka ukisema umtoboe mgonjwa vidole kumi kwa sindano damu itoke. Ni uongo. Kuna mwingine unaosema kiharusi huja kwa kuanza kumwagia maji kichwani wakati wa kuoga. Nao hauna msingi, ingawa umewafanya wazee wengi waanzie kuoga miguuni. Chale na kukandwa kwa nguvu siku ya kwanza ni kupoteza muda, na chale zinaacha kidonda juu ya ngozi isiyohisi.

Usimpakie kwenye bodaboda, katikati ya watu wawili. Mguu uliolegea unaburuzwa, mkono unaingia kwenye spoku, shingo haina wa kuishika, na mteremko wa kushuka hadi Mwandiga si wa kujaribia. Tafuta gari la kumlaza au kumkalisha vizuri kiti cha nyuma. Kila nyumba yenye mtu wa presha iwe na namba mbili za wenye magari, zimeandikwa ukutani kwa mkaa au chaki, maana simu yenye namba hizo ndiyo huwa imeisha chaji. Akiwa anapumua kwa shida au hana fahamu, pitieni kituo cha afya kilicho karibu, Matyazo au kingine, wamsaidie kupumua na wapige simu mbele. Akiwa yuko macho na gari lipo, shukeni moja kwa moja Maweni. Walio upande wa pili wa mlima, vijiji vya ziwani kama Mwamgongo na Kagunga, wanategemea boti. Kwao uamuzi wa kuondoka mapema una uzito zaidi, kwa sababu ziwa likichafuka hakuna wa kulibembeleza. Chukueni dawa zake zote, hata za mitishamba, ziwe kwenye mfuko mmoja, na kadi ya kliniki.

Sasa kuhusu majini na kurogwa, ambako wengine husema ndiko kiharusi kinakotoka. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya wilayani Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Kwa viwango vilivyosawazishwa kwa umri, Hai ilikuwa na karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar karibu 316. Utafiti mwingine ukawauliza wakazi wa sehemu hizo mbili ugonjwa huu unatoka wapi. Ungetarajia watu wa mjini wataje presha na wa vijijini wataje uchawi. Ikawa kinyume: Dar wengi walitaja majini na kurogwa, Hai wakataja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Kwa hiyo shemeji anayepiga simu kutoka Mbagala akisema huo si ugonjwa wa hospitali, asipewe uzito kwa sababu tu yuko mjini. Mwenye kuomba aombe, ila aombe akiwa ndani ya gari.

Kilichobaki baada ya hospitali

Hapa ndipo penye kazi ndefu, na hapa ndipo familia huachwa peke yao na karatasi ya ruhusa.

Ubongo wa kushoto unaendesha mwili wa kulia, na wa kulia unaendesha wa kushoto. Kwa watu wengi lugha inakaa kushoto. Ndiyo maana aliyepooza kulia mara nyingi amepoteza na maneno. Mtu huyo akili anayo, kumbukumbu anazo, anajua nani amekuja kumwona na nani hakuja. Anachokosa ni njia ya neno kutoka, au ya neno lako kuingia. Na kuna jambo linalozua maneno mtaani: mtu asiyeweza kuomba kijiko anaweza kuimba pambio zima la kanisani, au kusoma Fatiha bila kukosea, au kutukana tusi lililonyooka. Maneno yaliyozoeleka kwa kurudiwa mara elfu yanapita njia nyingine kichwani. Hajifanyi. Zungumza naye kwa sentensi fupi, moja kwa wakati, kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa masikio yake hayana kosa. Muulize maswali ya ndiyo na hapana. Mwonyeshe vitu viwili, uji na chai, aguse anachotaka. Kisha msubiri. Kimya cha nusu dakika kinamtesa anayengoja, lakini ukimmalizia kila neno ataacha kujaribu.

Aliyepooza kushoto anaweza kuzungumza vizuri, na hilo linaificha shida yake. Baadhi yao ubongo umeisahau kabisa dunia ya upande wa kushoto. Anakula ugali wa nusu ya kulia ya sahani na kulalamika kwamba amepunjiwa. Ananyoa shavu moja. Anapiga bega kwenye mwimo wa mlango. Ukimwambia mkono wako huu hapa, anaweza kukukatalia kwamba ni wake. Mke anaona ni dharau au utoto. Izungushe sahani, ndipo utakapoona anamalizia. Kaa upande wake wa kushoto unapozungumza naye, mguse mkono huo mara kwa mara, na barabarani shika wewe upande huo, kwa sababu bodaboda inayotokea kushoto kwake haioni.

Kumeza kunahitaji uangalifu ambao watu wengi hawauoni umuhimu wake. Kupaliwa, kukohoa wakati wa kunywa, sauti kuwa na majimaji baada ya chakula, chakula kubaki kimejaa shavuni: hizo ni dalili kwamba koo halijapona. Maji matupu humpalia kuliko uji mzito, ingawa kwa akili ya kawaida tungedhani maji ndiyo mepesi. Mkalishe wima kabisa, kidevu kikiinama kidogo, kijiko kidogo, upande mzima wa mdomo, amalize kumeza kabla ya kingine. Ndizi zilizopondwa na maharage yaliyosagwa vinapita. Mgebuka utolewe miiba na upondwe kwenye mchuzi. Akimaliza abaki amekaa nusu saa. Anayepaliwa kila mlo arudishwe hospitali, maana nimonia ya chakula kuingia mapafuni ni miongoni mwa vinavyoua wengi baada ya kiharusi chenyewe kupita.

Bega la upande uliopooza linachomoka kirahisi. Kosa linafanywa na watu wenye huruma: wawili wanamkamata makwapani, moja, mbili, tatu, wanamnyanyua. Msimvute mkono huo kamwe. Mwinueni kwa kumshika kiunoni, hata kwa kumfunga khanga imara kiunoni ya kushikilia, magoti yake yakiwa yamekunjwa na miguu iko chini yake. Akikaa, mkono upumzike juu ya mto mapajani, usining'inie. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mtazame kisigino, nyonga na mfupa wa makalio. Doa jekundu lisilopotea ukilibonyeza ni mwanzo wa kidonda, na kidonda cha kulalia kikishafika kwenye mfupa kitawasumbua kwa miezi.

Upande uliokufa ganzi hausikii moto. Wamama wanaungua kwenye mafiga, wazee wanaungua kwa chai. Maji ya kuoga yapimwe kwa mkono mzima.

Kuvaa kuna kanuni: mkono uliopooza unaingia kwanza kwenye shati, na unatoka mwisho. Kutembea pia. Fimbo inashikwa kwa mkono mzima. Kupanda ngazi au kilima, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mguu mgonjwa unatangulia pamoja na fimbo. Kwa Kalinzi hili si la ngazi za hospitali, ni la njia ya kwenda chooni. Kandambili ziwekwe pembeni, zinavuka na kuteleza. Atumie viatu vyenye mkanda nyuma ya kisigino. Choo cha kuchuchumaa hawezi. Fundi seremala atakutengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, kikae juu ya shimo, na mti wa kushikilia uchimbiwe upande wake mzima. Kazi ya siku moja hiyo inamrudishia mtu mzima stara yake, na nimeona familia zikinunua dawa za kujipaka za bei kubwa huku jambo hilo likisubiri mwaka.

Mazoezi yaanze hospitalini, na mtaalamu wa fiziotherapia awafundishe watu wawili wa nyumbani kwa vitendo, si mmoja, kwa sababu mmoja atachoka. Nguvu hurudi haraka zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, kisha taratibu kwa muda mrefu. Zoezi bora ni kazi yenye maana inayorudiwa mara nyingi: kuchambua kahawa iliyoharibika kutoka kwenye nzuri, kumenya maharage, kufunga na kufungua kifuniko, kusimama kutoka kwenye kiti mara kumi. Vidole vikianza kukakamaa na kujifunga, vinyooshwe kwa upole kila siku. Vikivutwa kwa nguvu vitajeruhiwa.

Halafu kuna machozi. Mgonjwa analia akimwona mjukuu, au anacheka msibani. Kiharusi kinaweza kukata breki za hisia, na kilio hicho huenda hakina huzuni ndani yake. Mbadilishie mazungumzo, kitapita. Ila ipo huzuni ya kweli pia, inayowapata karibu theluthi moja ya waliopona kiharusi: asiyekula, asiyelala, asiyetaka kuogeshwa, anayesema amekuwa mzigo. Hiyo inatibika, na mwambie daktari kuihusu kama unavyomwambia kuhusu presha. Kusahau, kuchoka kupita kiasi baada ya kazi ndogo, mkojo usiozuilika, degedege inayoanza miezi kadhaa baadaye, vyote hivyo ni mabaki ya ugonjwa ule ule. Na kwa wanandoa, tendo la ndoa si mwiko. Wamuulize daktari bila aibu, maana wengi wameacha kwa hofu tu.

Presha ndiyo chanzo cha nyumbani

Presha ya kupanda ndiyo inayoongoza kuleta kiharusi, na kwa kawaida haina dalili. Anayesema presha yake anaijua kwa kichwa kuuma anabahatisha. Ikipimwa siku tofauti na kubaki 140/90 au zaidi, inahitaji matibabu. Dawa zake, amlodipine au losartani au nyingine, hazimalizwi kama dozi ya malaria. Zinamezwa siku unayojisikia mzima, na siku hizo ndizo nyingi.

Chumvi ni jambo letu hasa, tunaoishi mkoa mmoja na Uvinza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Dagaa na samaki waliotiwa chumvi waloweke, mwaga maji hayo, kisha usiongeze chumvi nyingine jikoni. Mawese yapungue kwenye sufuria. Sigara iachwe yote. Pombe ipunguzwe, na gongo isihesabiwe kuwa pombe ndogo kwa sababu inauzwa kwa kipimo kidogo. Kisukari kipimwe. Mkulima wa mlimani anatembea vya kutosha mpaka anapostaafu na kukaa. Hapo ndipo aanze kujikumbusha kutembea.

Aliyekwisha kupata kiharusi kimoja yuko hatarini kupata cha pili, na kinachomwangusha mara nyingi ni vidonge kuisha wakati wa mavuno ya kahawa, kila mtu akiwa na haraka. Hesabuni vidonge wiki mbili kabla havijaisha, si siku kopo linapolia tupu. Wekeni daftari moja la presha: tarehe, namba ya juu, namba ya chini. Na siku mnapompeleka kliniki, ninyi mliomsindikiza, kaka zake na watoto wake wenye miaka 30 na kuendelea, kaeni kwenye benchi hilo hilo mpimwe pia.